Msonyo Wenye Mkia

“Da Shamsa, kwa nini na wewe hukumsonya?”

Ruqaya aliuliza hivyo akiwa na miaka tisa, amekaa kwenye ngazi za nyumba yao ya Mtaa wa Sikukuu, mkononi ana embe bichi la pilipili ambalo hakutakiwa kuonekana nalo. Ilikuwa Ramadhani, na nyumba nzima alishaiambia kwamba amefunga. Shamsa, jirani yao wa ghorofa ya tatu, alikuwa anapanda bila kushika ukuta, mtandio ameubana mdomoni kama mtu anayepita jalalani. Alimtazama mtoto, akalitazama embe, akaendelea kupanda. Juu kitasa kikalia mara mbili.

Basi Ruqaya akabaki na swali lake, na yeye si mtu wa kusahau swali. Mama yake, Bi Salma, husema huyu mwanangu ukimuuliza jina lake anataka kwanza ajue unalitakia nini.

Kilichotokea alikiona kwa macho yake asubuhi ya siku hiyohiyo, Jumamosi ya mwisho kabla ya Idi. Alikuwa na mama yake ndani ya duka la mapazia la mzee Abdulkadiri, Mtaa wa Kongo. Watu walijaa hadi kwenye kizingiti, kila mmoja ana kipande cha kamba alichopimia dirisha lake nyumbani. Shamsa alikuwa mkataji wa duka lile kwa miaka sita. Mkasi wake ulikuwa haupandi wala haushuki. Anaufungua kidogo, anausukuma, na kitambaa kinaachana krrrr mpaka mwisho. Machinga wa nje walimwita Mwanya, kwa ajili ya ule uwazi kati ya meno yake mawili ya mbele, na wako waliokuwa wakiingia kuulizia bei za mapazia wasiyoyataka, ilimradi acheke wauone.

Mzee Abdulkadiri naye alijulikana kwa kitu kimoja. Alikuwa anasonya. Kusonya kila mtu anasonya, hata Ruqaya alishachapwa kwa kusonya, lakini msonyo wa mzee yule ulikuwa na umbo lake. Unaanza taratibu, unarefuka, unapanda, unakatika. Ukidhani umekwisha, unarudi mwishoni na kipande kingine kifupi, kama mtu aliyesahau kofia akaingia tena kuichukua. Watu wa Mtaa wa Kongo waliuita msonyo wenye mkia. Ukisonywa na mzee Abdulkadiri, mtaa wa pili wanajua.

Siku ile aliingia mama mmoja wa Upanga na mapazia yake manne ndani ya mfuko. Aliyatoa mbele ya watu wote. Alisema alitaka mita kumi na mbili, mita tatu kila pazia. Sasa ameyatundika na kila moja limepungua shibiri na kitu, yanaelea juu ya sakafu kama suruali ya mtoto anayerefuka. Shamsa akaenda kwenye msumari vinakotungwa vikaratasi vya oda, akakichomoa cha yule mama. Kiliandikwa na mzee mwenyewe: yadi kumi na mbili. Mzee alikuwa mtu wa yadi tangu ujana wake, na ulimi ukisema mita, mkono wake unaandika yadi. Shamsa alikata alichoandikiwa.

Alikuwa anakifungua kile kikaratasi ili akisome. Hakuwahi. Mzee Abdulkadiri alimsonya palepale, msonyo mrefu kuliko yote ambayo Ruqaya aliwahi kuisikia, na mkia wake. Kila mwenye kamba akageuka. Kisha akamwambia Shamsa aweke mkasi mezani aende kwao, mtu asiyejua kupima hana kazi dukani kwake. Shamsa alivuta mtandio ukafunika mdomo. Mabega yakapanda mara moja, yakashuka. Akauweka mkasi, akatoka, kikaratasi kikiwa bado mkononi.

Nyumba nzima ilimsifu. Walisema ana subira, kamheshimu mtu mzima, tena kwenye mwezi mtukufu. Ruqaya hakuamini hata kidogo. Yeye alikuwa mfupi, na mtu mfupi humwona aliyeinamisha uso. Aliyaona macho ya Shamsa, na hayakuwa macho ya subira.

Siku ya tatu alithibitisha. Bi Salma alimpelekea jirani yake futari, Ruqaya akiwa nyuma amebeba bakuli la tambi, na akasikia. Bi Salma alikuwa anamwambia amwachie Mungu. Shamsa alisema mengine yote amemwachia Mungu, hili moja analibakiza. “Simwombei mabaya, dada Salma. Siendi kwa mtaalamu. Nitamrudishia kilekile alichonipa, palepale aliponipa, na watu wawe wamejaa vilevile.” Kisha akakikunja kikaratasi cha yadi, akakiingiza nyuma ya simu, kati ya simu na kava lake, akaibana.

Baada ya Idi alipata kazi mtaa wa Gerezani, kwenye steshenari ya dada mmoja anayeitwa Waridi, katikati ya maduka ya vipuri. Kazi ya kuchapa barua, kutoa kopi na kuwajazia watu fomu za mkopo wa chuo kwenye kompyuta. Ruqaya alipita pale kila akitoka shule, eti kuchapisha kazi za nyumbani, na kwa kweli mara nyingine alikuwa nazo.

Mwaka wa tatu akaanza kuja hapo Lucky, kijana mrefu mwenye mabega ya kuinama, anayetengeneza gemu za simu. Gemu yake mpya iliitwa Pisha: ni machinga ana furushi kichwani, anakimbia Kariakoo, anakwepa mikokoteni, bajaji, matenga ya nyanya na mgambo. Picha zilikuwa tayari. Ilikuwa bubu. Lucky alisema gemu bila sauti ni kama kula ubuyu umevaa barakoa, na yeye sikio hana, kila sauti kwake ni sawa.

Akamwonyesha Shamsa ukurasa mmoja wa mtandaoni. Hausakinishi kitu, unafunguka kwenye kivinjari kilekile cha fomu za mkopo. Upande mmoja una vitufe: sarafu, mruko, kipigo, mlipuko. Ukibonyeza, mashine inakutungia sauti ambayo haikuwepo. Ukibonyeza tena inakutungia nyingine. Upande wa pili kuna mistari yenye vipini vya kuvuta kushoto na kulia: sauti ianzie juu au chini, ipande au ishuke, irefuke kiasi gani, ife ghafla au polepole. Na kuna kipini kimoja kinachoongeza mchakarisho. Shamsa alikivuta mpaka mwisho, akasikiliza, akasema huo ni mchele unamwagwa kwenye ungo. Tangu hapo kipini kile kikaitwa mchele.

Ruqaya aliuliza maswali mpaka Lucky akaomba maji. Sauti inatoka wapi kama haikurekodiwa? Mashine inajuaje sarafu inaliaje? Ukivuta vipini vyote mwisho, kompyuta inaungua? Shamsa yeye hakuuliza kitu. Wateja wakipungua alikuwa anavaa spika za masikioni, anavuta vipini kidogo kidogo, uso umetulia kama wa mtu anayetunga uzi kwenye sindano. Ndani ya mwezi gemu ilipata sauti zake. Tenga la nyanya likianguka lilianguka kweli. Mkokoteni ulilia gurudumu moja, la kushoto. Lucky alikuwa anasikiliza anashika kichwa.

Ikabaki sauti moja, ya kushindwa. Machinga akigongwa, kioo kinakuwa chekundu na maneno yanatokea: UMESHINDWA. ANZA UPYA? Lucky alikuwa ameweka tarumbeta linaloshuka, kama la gemu zote duniani. Shamsa alimwambia aliondoe, yeye ana sauti yake, ampe mpaka Ijumaa.

Ilimchukua wiki tano. Ruqaya hakujua anatafuta nini. Alichosikia ni pancha ya baiskeli, samaki akitumbukia kwenye mafuta, paka aliyekanyagwa, bomba la maji likirudi baada ya mgao. Kila jaribio Shamsa alitikisa kichwa, akafuta, akaanza. Alipunguza mchele, akaubana, akaupandisha. Mara moja Ruqaya alimwona amefumba macho, midomo ameibana, anavuta hewa ndani bila kutoa sauti. Alipogundua anatazamwa akajifanya anapiga chafya.

Siku ya kufaulu ilijulikana yenyewe. Waridi alikuwa amegeuka anapanga karatasi. Shamsa akachomoa waya wa spika, akabonyeza. Waridi aligeuka, mkono kiunoni.

“Nani kanisonya?”

Shamsa akacheka mpaka mwanya wote ukaonekana. Alimwambia hakuna aliyemsonya. Waridi alisema yeye si kiziwi, na kama kuna mtu hakuipenda chai ya leo aseme, asimsonye ndani ya duka lake mwenyewe. Ilibidi apigiwe sauti ile mara tatu ndipo akubali kwamba ametukanwa na kompyuta.

Lakini ulikuwa msonyo tu, wa yeyote. Shamsa alirudi kwenye vipini siku nne nyingine. Jumapili mchana alibisha mlango wa Bi Salma, ambaye alikuwa anakuna nazi jikoni, akasimama sebuleni na simu yake mkononi. Hakumsalimia. Akabonyeza. Ukaja taratibu, ukarefuka, ukapanda, ukakatika. Kisha ukarudi na kipande kifupi.

“Mzee Abdulkadiri karibu,” Bi Salma aliita kutoka jikoni. “Ruqa, mpe mzee kiti.”

Ruqaya alisikia nywele zinamsimama. Alimtazama Shamsa, na Shamsa alikuwa anatabasamu kama mtu aliyeshikishwa ufunguo.

Pisha ilianza na wapagazi wa sokoni, ikaenda kwa mafundi simu, ikaingia mashuleni. Inakula bando dogo, simu yoyote inaicheza. Wiki za kwanza, simu zikisonya kila mchezaji akishindwa, zilikuwa za ugomvi. Kwenye basi la mwendokasi mama mmoja alimgeukia kijana wa watu, akataka kujua amemkosea nini. Shuleni kwa kina Ruqaya mwalimu wa hesabu alisonywa akiwa ubaoni, akalipigisha magoti darasa zima. Baadaye watu wakazoea. Na kila aliyewahi kununua pazia Mtaa wa Kongo, akiusikia ule mkia, alitulia kidogo, akaangua kicheko.

Siku yenyewe ilifika bila kupangwa. Mzee Abdulkadiri alikuwa anamkaripia mkataji wake mpya mlangoni pa duka, na kama kawaida akamalizia kwa msonyo. Machinga mmoja wa soksi, hana hili wala lile, macho yapo kwenye bidhaa zake, akajibu: “Umeshindwa, mzee. Anza upya.”

Mtaa ulilipuka. Waliokuwa na mizigo waliitua ili wacheke vizuri. Mzee hakuelewa, na kwa kutoelewa akasonya tena. Watu ishirini wakamwitikia kwa pamoja: anza upya.

Kuanzia hapo hakupata raha. Akisonya mteja, anza upya. Akisonya mgao wa umeme, anza upya. Wahuni walikuwa wanaingia dukani na nyuso za msiba, wanaomba yadi nane, wakishakatiwa wanasema walimaanisha mita, halafu wanasubiri. Ruqaya alikwenda kushuhudia pamoja na Shamsa. Walikaa kwenye ngazi ya duka la ng'ambo, kila mmoja na mfuko wake wa juisi ya ukwaju, wakatazama. Kijana mmoja alimaliza uchokozi wake. Mashavu ya mzee yakaingia ndani, midomo ikajikusanya, kila kitu kikawa tayari. Akatazama nje. Akaumeza. Koo lake lilionekana likipanda na kushuka.

Ruqaya alimwonea huruma kidogo, akasema hivyo.

“Muache ameze,” Shamsa alisema, na kuvuta juisi mpaka mfuko ukagandamana. “Mimi wangu nimeumeza miaka mitatu.”

Mwaka uliofuata, siku Ruqaya alipokuwa kweli anachapisha kazi ya shule, mzee Abdulkadiri aliingia steshenari. Alikuwa amevua kofia, ameishika kwa mikono miwili. Shamsa alisimama, akampa heshima yake yote.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba. Umenirekodi. Nimeuliza, nimeambiwa kurekodi mtu bila ruhusa ni kosa.”

Shamsa alimvutia kiti, akamgeuzia kioo cha kompyuta, akafungua ule ukurasa mtupu. Akaanza mbele yake. Mchele, kidogo. Akaubana. Akauvuta, akaupandisha, akaukata. Mzee aliinama karibu, kama anayetazama fundi akimfungulia saa yake. Mwisho kabisa Shamsa akamwekea mkia, akabonyeza, na msonyo wa mzee Abdulkadiri ukatoka kwenye spika mbili ndogo za plastiki, wakati mwenyewe yuko hapo amefunga mdomo.

“Hakuna mdomo humu, mzee,” alisema Shamsa. “Ni mchele mtupu.”

Mzee aliuliza anataka nini. Shamsa akatoa simu yake, akafungua kava, akakitoa kikaratasi. Kilikuwa kimechukua umbo la simu. Alimwomba asome. Mzee alitafuta miwani kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika. Yadi kumi na mbili. Shamsa akamuuliza mwandiko ni wa nani, na mzee akakitazama kikaratasi kama vile kingeweza kumtaja mtu mwingine.

Masharti yake yalikuwa mafupi. Jumamosi ya mwisho kabla ya Idi, dukani, watu wakiwa wamejaa, aseme alichoandika. Akisema, mkia utaondolewa kwenye gemu, na msonyo utabaki wa yeyote. Mzee alisimama, akavaa kofia, na kwa hasira ya zamani, kabla hajajizuia, akasonya. Mwanafunzi mmoja aliyekuwa anajaza fomu yake pembeni alisema bila kugeuka, “Anza upya, mzee.”

Ikapita miezi saba, Shamsa hakumkumbusha mzee. Ramadhani ilipoingia alikuwa anahesabu Jumamosi kwa vidole.

Siku ile Ruqaya hangeikosa kwa chochote. Alikwenda na mama yake, akajibana mlangoni. Shamsa alikuwa amesimama upande wa wateja, amevaa baibui jipya, mbele ya meza ileile yenye mkasi uleule. Watu walijaa na kamba zao za madirisha. Mzee Abdulkadiri alitoka nyuma ya majora, akaushika mkasi, na kuuambia ule mkasi, haraka haraka, kwamba yale mapazia ya mama wa Upanga, ile ilikuwa yadi, aliandika yeye.

Waliokuwa mbele walisikia. Wa nyuma hawakusikia.

“Sijakusikia, mzee,” Shamsa alisema kwa upole. “Anza upya.”

Hakuna aliyecheka. Ruqaya alishangaa hilo, duka zima lile. Mzee aliinua uso, akautafuta mlango, akauona umejaa watu. Akarudia kwa sauti iliyofika kwa muuza soksi: aliandika yadi yeye mwenyewe, msichana alikata sawasawa, na yeye akamfukuza. Halafu akauweka mkasi mezani, kishikio kikielekea kwa Shamsa, labda akitegemea angeuchukua.

Shamsa hakuugusa. Alikiweka kikaratasi juu ya mkasi, akamtakia mfungo mwema, akatoka. Nje alimshika Bi Salma mkono na kumwambia roho yake imesuuzika, kama mtu aliyeoga kwa maji ya ndoo mbili.

Ahadi aliitimiza. Jumapili yake aliuvuta mkia ukaisha, na Lucky akatoa toleo jipya la gemu. Ila nani Kariakoo anachezea bando lake kusasisha gemu inayocheza vizuri? Sokoni mpaka leo simu nyingi zina toleo la zamani, lenye mkia. Ruqaya alimwambia Shamsa kwamba hilo alilijua tangu mwanzo. Shamsa hakukataa. Alisema yeye aliahidi kuondoa, hakuahidi kupita simu moja moja.

Mzee naye hasonyi tena. Akikasirika anapangusa miwani.

Mwaka huu, Ruqaya akiwa kidato cha tatu, alikutana na Shamsa kwenye ngazi zilezile, umeme umekatika na joto limewatoa ndani wote wawili. Akamkumbusha swali lake la embe. Alimwambia nyumba nzima ilisema ni subira, mama yake alisema ni heshima, yeye mwenyewe kwa miaka yote aliamini Shamsa alikuwa ameshapanga kila kitu palepale mezani. Sasa ni mkubwa, aambiwe. Kwa nini hakumsonya?

Shamsa alichungulia ngazi za juu, akachungulia za chini.

“Nilimsonya,” alisema. “Palepale, chini ya mtandio. Nilivuta kwa nguvu zangu zote, ikatoka fyuu, kama ndala imekanyaga maji. Huu mwanya wanaousifia haushiki msonyo, Ruqa. Upepo wote unapita katikati, tangu mdogo, sijawahi kumsonya hata paka. Ningekuwa na meno kama yako ningemsonya siku ile tukamaliza, na Lucky angeweka tarumbeta lake.”